Kupiga picha za nebula kwa darubini ya mbali inayotumiwa na wengi

Nebula nyingi, yaani mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota, si ndogo kama watu wanavyodhani. Lagoon, inayoitwa pia M8, ina upana wa takribani mara tatu ya mwezi mpevu. Haionekani kwa macho vizuri kwa sababu mwanga wake ni hafifu na umetandazwa eneo kubwa, kwa hiyo taa za mji au hata mbalamwezi huufunika mara moja. Ndiyo maana anga lenye giza lina thamani kuliko kioo kikubwa, na ndiyo maana darubini za kukodi huwekwa jangwani Atacama nchini Chile, nyanda za juu za Namibia, au Siding Spring nchini Australia.

Ukikodi muda kwenye darubini kama hiyo, kazi ya mikono imekwisha kufanywa: mhimili umenyooshwa, fokasi inajirekebisha, paa hufungwa mvua ikinukia. Kwako yanabaki mambo mawili, kupanga kabla na kuchakata baada. Mita ya malipo hailijui kosa. Dakika ya fremu (picha moja) iliyolenga patupu hugharimu sawa na dakika ya fremu nzuri. Kwa hiyo panga sana, halafu mimina saa zako zote kwenye kitu kimoja. Wanaoanza hupenda kugawa saa tano kwa nebula kumi, wakabaki na picha kumi zenye chengachenga.

Pima kwanza kama nebula itaingia

Kila huduma huorodhesha umbali wa fokasi wa darubini (toka kioo hadi mwanga unapokutana) na ukubwa wa pikseli za kamera. Hesabu ni hii: zidisha ukubwa wa pikseli kwa mikromita mara 206.265, kisha gawa kwa umbali wa fokasi kwa milimita. Jibu ni sekunde za tao kwa kila pikseli (nyuzi 1 ina dakika 60 za tao, na kila dakika ina sekunde 60).

Chukua darubini ya milimita 530 yenye uwiano wa f/5 (umbali wa fokasi ni mara 5 ya kipenyo), na kamera ya pikseli 6248 kwa 4176, kila moja mikromita 3.76. Unapata sekunde 1.46 kwa pikseli, na fremu nzima inafunika nyuzi 2.5 kwa 1.7. Hapo Lagoon inaingia kwa raha, Rosette pia. Kamera kubwa zaidi ya pikseli 9576 kwa 6388 ikifungwa kwenye darubini ya milimita 2000 hutoa sekunde 0.39 kwa pikseli, lakini fremu inashuka hadi nyuzi 1 kwa 0.7. Hiyo inafaa nebula za sayari (gesi iliyotupwa na nyota inayokufa, si sayari): M27 yenye dakika 8 hivi, au M57 ambayo haifiki hata dakika 2. Ukiielekeza Carina, yenye upana wa nyuzi mbili hivi, utaambulia kipande cha tumbo lake tu.

Watu hukimbilia kipenyo kikubwa. Kwa vitu vilivyotandaa, kinachoamua jinsi kila pikseli inavyojaa haraka ni uwiano wa f, pikseli zikiwa za ukubwa mmoja: f/4 humwaga mwanga mara nne ya f/8 juu ya eneo lilelile la kihisi. Darubini ndogo ya f/4 mara nyingi hukupa nebula nzuri kwa pesa chache kuliko jitu la f/8. Tena, mtikisiko wa hewa katika sehemu nyingi hueneza nyota hadi sekunde 2 au 3 za tao, kwa hiyo pikseli za sekunde 0.4 hazitakuongezea chochote usiku wa kawaida. Zitakuongezea mafaili makubwa.

Jambo linalosahaulika ni pembe ya kamera. Darubini ya pamoja haizungushiwi kamera kwa ajili yako. Ilivyofungwa ndivyo ilivyo. Lagoon na Trifid (M20) zimepishana nyuzi 1.36 kutoka kusini kwenda kaskazini. Katika fremu ya nyuzi 2.5 kwa 1.7 zinaingia zote mbili iwapo upande mrefu umeelekea kaskazini na kusini. Upande mrefu ukielekea mashariki na magharibi, mojawapo itakatwa. Soma pembe kwenye maelezo ya darubini, au omba fremu ya zamani, kisha chora mstatili huo katika programu ya ramani ya anga kama Stellarium au Aladin kabla ya kulipa.

Mahali, majira na kimo

Kimo cha juu kabisa ambacho kitu kinafikia ni nyuzi 90 ukitoa tofauti kati ya latitudo ya darubini na deklinesheni ya kitu (yaani latitudo yake angani). Kwenye latitudo ya nyuzi 30 kusini, Carina (deklinesheni −60) hufika nyuzi 60, pazuri sana. Nebula ya Amerika Kaskazini, NGC 7000, iliyo kwenye +44, huishia nyuzi 16 tu. Hiyo itafutie darubini ya kaskazini. Chini ya nyuzi 30 mwanga unapita katika hewa maradufu ya ile ya utosini: rangi ya bluu hufa, nyota huvimba. Weka kikomo cha nyuzi 40 ukiweza.

Majira nayo hayana mjadala. M42 iliyo katika Jabari (Orion) hupita juu usiku wa manane katikati ya Desemba, Carina mapema Machi, Lagoon karibu na tarehe 21 Juni. Mwezi mmoja kabla au baada bado ni sawa.

Saa za oda ni za UTC (saa za Greenwich), zinazohesabiwa toka usiku wa manane. Anayewaza kwa saa ya Kiswahili aandike tarakimu na asitafsiri kichwani: 03:00 siyo saa tatu, ni saa tisa za usiku, tena usiku wa Greenwich. Kisha angalia tarehe, maana usiku mmoja wa Australia unaweza kuanguka wote ndani ya mchana wa siku moja ya UTC, ilhali wa Chile huvuka katika tarehe mbili. Giza kamili huanza jua likishuka nyuzi 18 chini ya upeo. Fremu za kabla ya hapo zina mwanga wa magharibi hata kama jicho linaona giza.

Mwezi na vichujio

Kuna nebula zinazong'aa zenyewe na kuna zinazoakisi. Zinazong'aa hutoa mwanga katika mistari michache: haidrojeni-alfa kwenye nanomita 656.3, oksijeni iliyopoteza elektroni mbili kwenye 500.7, na salfa kwenye 671.6 na 673.1. Kichujio chembamba cha nanomita 3 hadi 7 hupitisha mstari mmoja na kufungia nje karibu kila kingine, ukiwamo mwezi. Kwa hiyo haidrojeni unaweza kuipiga mwezi ukiwa mkubwa, mradi uwe mbali nayo nyuzi 60 hivi. Oksijeni ni dhaifu zaidi mbele ya mwezi, kwa sababu mbalamwezi iliyotawanywa na hewa imeegemea bluu na kijani. Ipangie usiku ambao mwezi umeshuka au ni mchanga.

Zinazoakisi hazina mstari wa kuchuja. Vumbi la bluu linalozunguka Kilimia ni mwanga wa nyota zenyewe uliorudishwa, na kichujio cha haidrojeni kitakuonyesha nyota na weusi mtupu. Huko ni vichujio vipana tu, vyekundu, kijani, bluu na kile cha mwanga wote, na lazima iwe gizani, mwezi haupo. Baadhi ya huduma hupunguza malipo mwezi ukikaribia kupevuka. Usiku huo ni nafuu ya kweli kwa haidrojeni, na hasara kwa Kilimia.

Urefu wa fremu na jumla ya saa

Kamera huongeza kelele yake, yaani chengachenga, kila inaposomwa. Fremu ikiwa fupi mno, kelele hiyo humeza nebula. Ikiwa ndefu mno, nyota hujaa na kupoteza rangi, na wingu moja likipita linaondoka na dakika kumi. Kipimo kizuri ni kwamba elektroni za mwanga wa anga katika fremu moja zizidi mara 10 ya mraba wa kelele ya kusoma.

Mfano: kelele ya kusoma ni elektroni 1.5, mraba wake ni 2.25, unahitaji elektroni 22.5 au zaidi. Piga fremu moja ya majaribio ya sekunde 120. Kiwango cha kati cha fremu kikisoma 620, cha msingi wa kamera kikiwa 500, tofauti ni 120. Kila kizio kikiwa elektroni 0.25, umepata 30. Sekunde 120 zinatosha, huna sababu ya kwenda 300. Kwa vichujio vyembamba chini ya anga jeusi hutafikia kiwango hicho upesi, maana hakuna mwanga wa kukifikia. Hapo tumia sekunde 300, au 600 kama darubini inafuata nyota kwa uthabiti, kisha songa mbele.

Kisha jumla. Ubora wa picha hupanda kwa kipeuo cha pili cha muda: kuufanya maradufu kunadai saa mara nne. Kutoka saa 1 kwenda 4 utaona mabadiliko makubwa. Kutoka 4 kwenda 5 huoni kitu. Kwa Lagoon na Trifid, kwenye darubini ya f/5 tuliyoitaja, mpango huu unatosha:

- mwanga wote: fremu 40 za sekunde 120 (dakika 80)
- nyekundu, kijani, bluu: fremu 20 za sekunde 120 kwa kila moja (dakika 120)
- haidrojeni-alfa: fremu 24 za sekunde 300 (dakika 120)
- mwanga wote tena: fremu 20 za sekunde 10, kwa ajili ya kiini cha Lagoon

Jumla ni kama saa 5 na dakika 23 za mwanga, lakini saa halisi ni zaidi. Kila fremu hudai sekunde 20 hivi za kupakua na kutulia, na kila kubadilisha kichujio kunadai fokasi upya. Tenga saa 6 na nusu. Kwenye latitudo ya 30 kusini, jozi hii hukaa juu ya nyuzi 40 kwa takribani saa 7 na nusu, kwa hiyo inaingia katika usiku mmoja wa Juni. Hata hivyo ni busara kuigawa mbili: mawingu yakiharibu nusu, umebaki na nusu.

Fremu fupi za mwisho usizidharau. Kiini cha M42 ndicho mfano mkali zaidi: nyota za Trapezium hufutika katika fremu ya dakika mbili, na hakuna programu inayorudisha kilichokwisha kujaa.

Panga vichujio kwa mafungu ya fremu kumi, si vyote vya rangi moja kwanza. Wingu likija katikati, afadhali uwe na kidogo cha kila rangi kuliko nyekundu kamili bila bluu. Bluu iweke kitu kikiwa karibu na utosi, kwa kuwa ndiyo inayopotea zaidi hewani.

Kuandika oda

Raiti asensheni (longitudo ya angani) huandikwa kwa saa, lakini baadhi ya mifumo hutaka nyuzi. Kitovu cha jozi yetu ni saa 18 dakika 03, deklinesheni −23° 42′. Kwa nyuzi ni 270.75, maana kila saa ni nyuzi 15. Ukiandika 18.05 kwenye kisanduku cha nyuzi, darubini inaelekezwa upande mwingine kabisa wa anga. Lagoon ikiwa utosini, sehemu hiyo iko chini ya upeo na oda itakataliwa. Hiyo ndiyo bahati. Bahati mbaya ni siku inapokubaliwa. Alama ya kutoa kwenye deklinesheni nayo hupotea kirahisi wakati wa kunakili.

Washa kusogezasogeza, yaani darubini kuhama pikseli 5 hadi 15 kati ya fremu. Bila hivyo, madoa ya kudumu ya kihisi hurundikana mahali pamoja, na fremu zikiteleza polepole huacha michirizi ya kimshazari ambayo haifutiki. Ni kosa la kisanduku kimoja ambacho hakikutiwa alama.

Jua pia kwamba mhimili wa aina ya Kijerumani hugeuka kitu kinapovuka meridiani (mstari wa kaskazini–kusini unaopita utosini). Huchukua dakika chache, na fremu za baada ya hapo zinatoka zimepinduliwa nyuzi 180. Programu za kurundika (kuunganisha fremu nyingi kuwa picha moja) zinalielewa hilo, usishtuke.

Kabla ya kuachia oda nzima, piga fremu moja ya sekunde 60. Ipitishe kwenye programu ya ASTAP itambue nyota na kukuambia kitovu halisi na pembe. Dakika hiyo moja ndiyo rahisi kuliko zote utakazolipia.

Kupakua na kukagua

Mafaili huja kwa FITS, muundo wa picha za wanaastronomia, wa biti 16. Pikseli 6248 kwa 4176 mara baiti 2 ni megabaiti 52 kwa fremu; mpango wetu wa fremu 144 ni gigabaiti 7.5. Mfumo ukitoa mafaili yaliyobanwa ya FITS, chukua hayo, hayapotezi kitu. Epuka JPEG: ni ya kutazama tu.

Pakua pia fremu za urekebishaji. Fremu za giza (zilizopigwa mwanga ukiwa umezibwa) lazima zilingane kwa joto la kihisi (mara nyingi −10 °C), geini (kiwango cha kukuza mawimbi ya kamera) na muda. Fremu za mwanga sawa (za uso ulioangazwa sawasawa) zilingane kwa kichujio, na tarehe yake iwe karibu na usiku wako. Vumbi kwenye kioo cha kichujio huacha kivuli cha duara kama kitumbua chenye tundu. Mtu akiwa amegusa kamera baina ya tarehe hizo mbili, badala ya kivuli kufutika utapata viwili, kimoja cheusi na kimoja cheupe. Hapo mwandikie mwendeshaji uombe seti mpya. Ni haki yako, na kwa kawaida amekwisha kuzipiga.

Kisha pitia fremu moja moja. Tupa zilizo na upana wa nyota unaozidi wa wastani kwa theluthi, zilizorefuka upande mmoja, na zile ambazo idadi ya nyota imeshuka ghafla. Hilo ni wingu jepesi ambalo jicho halikuliona. Fremu ya kwanza baada ya kubadilisha kichujio ndiyo mara nyingi yenye fokasi mbaya. Mistari ya satelaiti iache: kurundika kutaiondoa, mradi una fremu 15 au zaidi za kichujio hicho. Fremu zikiharibika kwa hitilafu ya darubini, huduma nyingi hurudisha muda, lakini ni lazima uripoti na kuambatisha faili.

Kuchakata

Siril ni programu ya bure na inatosha. Tengeneza folda nne, lights (picha zako), darks (giza), flats (mwanga sawa) na biases (fremu za muda mfupi kabisa, za msingi wa kamera), kwa kila kichujio, kisha endesha hati (amri zilizokwisha kupangwa) ya kamera ya rangi moja. Katika kurundika tumia ukataji wa sigma (kutupa pikseli zilizo mbali mno na wastani), 3 chini na 3 juu. Fremu za sekunde 10 zirundike peke yake.

Kata kingo, halafu ondoa mteremko wa mwanga wa anga. Hapa ndipo nebula nyingi huuawa. Programu ikiachwa itawanye yenyewe alama zake za kupimia anga, itaweka nyingine juu ya nebula, iione kuwa ni uchafu wa anga, na kuitoa. Weka alama kwa mkono, chache, mahali palipo weusi kweli, na utumie daraja la kwanza (mteremko ulionyooka). Eneo la Njia Nyeupe kama la Lagoon karibu halina weusi kweli. Alama sita zinatosha. Sehemu zenye giza lililokolea huko ni mawingu ya vumbi, nayo ni sehemu ya picha.

Sawazisha rangi kwa kulinganisha na nyota za katalogi ya Gaia, picha ikiwa bado haijavutwa (haijaongezwa mwanga ili vilivyo hafifu vionekane). Hii inafaa vichujio vipana tu. Kwa vyembamba rangi ni chaguo lako: haidrojeni kwenye nyekundu na oksijeni kwenye kijani na bluu, au salfa, haidrojeni na oksijeni kwa mpangilio huo, ule uliozoeleka kutokana na picha za Hubble. Haidrojeni kwa kawaida ina nguvu kupita wenzake, kwa hiyo linganisha viwango vyao kwanza, la sivyo kila kitu kitakuwa kijani.

Tenganisha nyota na nebula kwa programu ya StarNet, vuta nebula kwa awamu ndogondogo, nyota kidogo tu, kisha ziunganishe. Weusi wa anga usiushushe hadi sifuri. Ukiona ukingo wa kushoto wa histogramu (grafu ya mwangaza wa picha) umegusa ukuta, umekwisha kutupa vumbi hafifu ulilolipia. Rangi ya kiini ichukue kwenye rundo la sekunde 10. Upunguzaji wa kelele uje mwisho, kwa mkono mwepesi: nebula iliyolainishwa mno hugeuka plastiki.

Marundo ya kila kichujio, yakiwa bado hayajavutwa, yahifadhi kwa FITS ya biti 32 pamoja na fremu zake, na uandike darubini, pembe ya kamera, geini na tarehe. Mwakani Juni ikirudi unaweza kukodi darubini ileile na kuongeza saa nyingine tano juu ya hizo.